Kitasa cha Pejo ya Asmani

Jumamosi asubuhi mlinzi wa ofisi alimkuta Feruzi barazani kwake, akigonga msumari juu ya kipande cha reli ili ncha yake iwe bapa. Hakutoa salamu. Alisimama juani, bunduki begani, akasema Bwana Gaspari anamtaka fundi wa vitasa, aje na zana zake zote, na aje sasa hivi. Feruzi aliuliza ni kitasa cha nini. Mlinzi akajibu kwamba ni cha gari, kisha akaongeza, kama mtu anayesema upepo umegeuka, kwamba jana saa ya swala ya Ijumaa kuna mtu alitaka kulivunja.

Feruzi akauweka ule msumari ndani ya mfuko wa turubai pamoja na tupa, koleo na nyundo ndogo. Bisibisi yake nyembamba, ile aliyoichonga mwenyewe kwa kazi za ndani ya vitasa, haikuwemo. Alikuwa ameitafuta tangu alfajiri. Mkewe Kadidja alipoulizwa alisema hajaiona, akaendelea kuchambua ndagala, wale dagaa wa ziwani, bila kuinua uso. Sasa alikuja mlangoni, akampa kofia yake, na hakuuliza anaitwa na nani wala kwa kazi gani. Feruzi aliona kwamba hakuuliza. Lakini mlinzi alikuwa anasubiri, na Feruzi akaondoka.

Ilikuwa mwanzo wa mwezi wa saba, mwaka 1972, na mji wa Rumonge, kusini mwa Burundi kando ya Ziwa Tanganyika, ulikuwa kimya. Mwishoni mwa mwezi wa nne vita vilikuwa vimelipuka pwani yote ya ziwa, kutoka hapo hadi Nyanza-Lac, watu wakakatwa kwa mapanga majumbani na barabarani. Kisha wanajeshi wakaja, na nyuma ya wanajeshi yakaja malori. Malori yalichukua walimu, makarani, wanafunzi wakubwa, wachuuzi, mtu yeyote ambaye jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi fulani. Hakuna aliyekuwa amerudi. Watu walijifunza kutembea bila kutazama nyumba ambazo milango yake haifunguliwi tena, na walijifunza upesi kuliko walivyodhani wangeweza.

*

Gari lilikuwa uani nyuma ya ofisi, chini ya paa la mabati. Feruzi alilijua kabla hajalifikia. Ilikuwa Pejo ya rangi ya majivu, ubavu wa kushoto umekwaruzwa na gogo la mchikichi, na ilikuwa ya jirani yake Asmani, karani wa mizani kwenye stoo ya mawese kule Kizuka. Mwezi wa tano, siku ya Jumatatu, Asmani aliitwa mkutanoni. Alikwenda mwenyewe, akiendesha, amevaa shati jeupe, na aliegesha vizuri karibu na ukuta. Mkutano ulikwisha namna mikutano ya siku zile ilivyokwisha. Wiki mbili baadaye Bwana Gaspari, mkubwa mpya wa ofisi, alianza kutembelea gari lile, na mji mzima ukazoea.

Feruzi alisubiri karibu saa nzima juani mpaka Bwana Gaspari alipomaliza chai. Bwana yule alikuwa mtu mwembamba, mpole wa sauti, asiye na haraka. Alimwambia Feruzi avue kofia, akasoma karte yake ya kitambulisho pande zote mbili.

"Baba yako alitoka wapi?"

"Uvira, bwana."

"Kwa hiyo wewe ni Mukongomani."

"Mimi nimezaliwa hapa Rumonge, bwana."

"Sikuuliza ulizaliwa wapi."

Akamrudishia karte, akaagiza kiti kiletwe, akaketi hatua tatu kutoka kwenye mlango wa dereva, mguu mmoja juu ya mwingine, ili aone kazi ikifanyika.

Feruzi alipiga magoti. Tundu la ufunguo lilikuwa limetanuliwa kwa nguvu, chuma cha pembeni kimechubuka, na rangi imebanduka pale mkono wa mvunjaji ulipoteleza. Haikuwa kazi ya mwizi. Mwizi angevunja kioo, au angepinda mlango kwa juu. Huyu alitaka kufungua mlango kwa adabu, bila kuharibu, na hakujua namna. Feruzi akainamisha kichwa atazame ndani ya tundu, na humo, katikati ya shaba iliyovunjika, akaona ncha nyembamba ya chuma cheupe iliyokatikia ndani. Ilikuwa imechongwa upande mmoja tu, kwa mshazari. Hakuna fundi mwingine aliyechonga hivyo.

Hakushtuka. Baadaye alijishangaa kwamba hakushtuka. Mawazo yake yalikwenda polepole, moja baada ya lingine, kama watu wanaopita mlango mwembamba: bisibisi ni yangu, bisibisi huwa inakaa nyumbani kwangu, nyumbani kwangu niko mimi na Kadidja. Mikono yake ilikuwa imeshaanza kazi. Akatoa ubao wa ndani wa mlango, akalegeza skrubu, na kila skrubu aliyoitoa aliibana midomoni, kama mafundi wote wanavyofanya. Alipokitoa kitasa chenyewe alikigeuzia kifuani, akakigonga mara moja kiganjani, na ile ncha ikaanguka. Akaipeleka mdomoni pamoja na skrubu, akaisukuma kwa ulimi hadi ndani ya shavu.

"Imevunjwa na nini?" akauliza Bwana Gaspari.

Feruzi akatoa skrubu mdomoni, moja moja, akazipanga juu ya kitambaa. Ile ncha akaiacha ilipo. "Na chuma, bwana. Labda msumari."

"Kazi kama hii ni ya mutu mwenye zana. Hapa Rumonge iko mafundi wangapi wa vitasa?"

"Tulikuwa watatu."

"Na sasa?"

"Niko peke yangu."

Bwana Gaspari alitikisa kichwa taratibu, kama mwalimu aliyepewa jibu sahihi. Akataka zana zipangwe chini. Feruzi akazipanga. Bwana yule alizitazama moja baada ya nyingine, akauliza kila moja ni ya nini, kisha akauliza fundi wa vitasa anafanyaje kazi bila turnevisi ndogo, yaani bisibisi. Feruzi akamwonyesha msumari aliougonga asubuhi. Alisema turnevisi ilikatika siku nyingi na dukani hakuna nyingine, barabara ya Bujumbura ikiwa vile ilivyo. Maneno yalitoka yakiwa mazito kidogo kwa sababu ya kile kitu shavuni.

Bwana Gaspari aliuchukua msumari, akaupima kwenye tundu la kitasa. Ulikuwa mpana mno, haukuingia hata nusu. Akaurudisha. Halafu, pengine kwa sababu hilo lilimridhisha, pengine kwa sababu nyingine, akamwita mlinzi alete maji ya kunywa, akampa Feruzi gilasi kwa mkono wake mwenyewe.

"Kunywa. Jua ni kali."

"Murakoze, bwana, asante. Nimefunga."

"Umefunga? Hii si Ramadhani."

"Ni siku ninazolipa. Niliugua mwaka jana."

Bwana Gaspari akayanywa yeye.

*

Kazi ilichukua hadi baada ya adhuhuri. Vibati vitatu vya shaba, vile ambavyo meno ya ufunguo huvisukuma, vilikuwa vimepinda kabisa. Feruzi alikata vingine kutoka kufuli bovu la duka alilokuwa nalo mfukoni, akavisugua kwa tupa, akajaribu ufunguo, akavisugua tena. Adhana ilipita. Hakuomba ruhusa ya kwenda kuswali. Jasho liliingia machoni na mdomo ukawa na ladha ya kutu. Aliziba mchubuko kwa kugonga chuma pole pole kutoka ndani, akapaka grisi, akarudisha kila kitu mahali pake. Ufunguo ukazunguka, mlango ukafunga kwa mlio safi, ukafunguka. Kwa muda mfupi sana alifurahia, maana ilikuwa kazi nzuri. Halafu furaha hiyo ikamwondoka.

Bwana Gaspari alifunga na kufungua mara nne. Akaingia garini, akafungua kijisanduku cha mbele atafute kitambaa cha kufutia vidole vilivyoshika grisi. Alitoa chaki, risiti za stoo, nusu ya kitana, na miwani yenye fremu nyeusi ndani ya mfuko wa kitambaa uliofumwa kwa mkono. Akaitoa miwani, akaivaa, akatazama ziwa kule nyuma ya michikichi, akaivua upesi.

"Macho ya mutu mwingine hayanifai," akasema. Akamnyoshea Feruzi. "Chukua. Ni malipo yako. Fremu ni nzuri, utaiuza."

Feruzi hakunyosha mkono.

"Chukua, fundi. Mwenyewe haihitaji tena."

Alisema hivyo bila ukali na bila kuchagua maneno, akifuta kidole kimoja kimoja kwa ule mfuko wa kitambaa. Feruzi akapokea miwani kwa mikono miwili, kama anavyopokea malipo siku zote, akasema murakoze. Akaokota kofia yake. Nyuma yake alisikia mlango wa Pejo ukifungwa kwa ufunguo tena, kwa majaribio.

Alirudi kwa njia ya ufukweni, ingawa ni ndefu. Wanawake walikuwa wanageuza ndagala juu ya mchanga na mmoja wao akamwamkia, naye akaitikia kwa mkono. Alipofika kwenye matete akatema ile ncha majini. Ilitoka na damu kidogo. Akasukutua mdomo kwa maji ya ziwa, akaendelea na safari.

*

Kadidja alikuwa ameketi kwenye kizingiti. Alipoiona miwani mkononi mwa mumewe alisimama, akaketi tena.

"Ni mimi," akasema, kabla ya kuulizwa. "Bisibisi niliichukua mimi. Mke wa Asmani ndiye aliyevunja, mimi nilisimama njiani kuangalia watu. Wanaume wote mulikuwa musikitini."

Feruzi alivua viatu. Alimwuliza, kwa sauti ya chini, kama anajua kwamba leo angeweza kubaki mjane. Kadidja akasema anajua. Akasema tangu alipoondoka hajafanya kitu, hata moto umezimika. Kisha akaeleza, bila kujitetea. Bora, mke wa Asmani, alikuwa amempigia magoti siku tatu mfululizo. Asmani huvaa miwani anapoendesha na anaposoma, na akishuka garini huivua. Bila miwani haoni herufi hata zikiwa kubwa kama kidole. Bora alikuwa na hakika kwamba mumewe yuko gereza la Bujumbura, na siku moja watamwekea karatasi mbele aweke saini, naye atasaini asichokisoma, na kwa saini hiyo wamwue. Angepata miwani angeitafutia mtu wa kuipeleka. Angeipeleka mwenyewe, kwa miguu.

"Ulimwamini?" Feruzi akauliza.

"Mume wangu, mimi sikuamini. Lakini mutu akikuomba kitu kama hicho, unamwambia nini?"

Feruzi aliketi mkekani, akaiweka miwani chini. Akamsimulia maneno ya Bwana Gaspari. Kadidja aliyasikiliza mara moja, akaomba ayarudie, akayasikiliza tena. Miwani ilikuwa bado katikati yao. Kadidja akasema waifiche. Wamwambie Bora haikuwemo garini. Angalau aendelee kungoja, kuna watu wanaoishi kwa kungoja miaka mingi. Feruzi akasema akiambiwa haikuwemo ataitafuta pengine, ataingia ofisini kuuliza, na mwanamke anayeuliza jina la mtu siku hizi haulizi mara mbili. Wakimpa bila maneno, kesho yuko njiani kwenda kwenye lango la gereza, akiwa na watoto wake wawili. Kila njia waliyoishika iliwarudisha pale pale.

"Basi nani atamwambia?" akasema Kadidja.

"Mimi ndiye niliyeambiwa," akasema Feruzi.

*

Nyumba ya Asmani ilikuwa ya tatu kutoka kwao. Bora alikuwa anawaosha watoto uani, Aziza wa miaka saba na mdogo wake. Alipowaona wote wawili wanaingia pamoja, aliwaambia watoto waende kwa jirani wakacheze, na mwili wa yule mdogo ulikuwa bado na sabuni.

Feruzi hakuketi. Aliogopa kwamba akiketi atatafuta maneno mazuri. Alimpa miwani kwanza, kisha akamweleza siku yake yote kama ilivyokuwa: kitasa, kiti, maji, kijisanduku cha mbele. Alipofika kwenye maneno yenyewe aliyasema kama alivyoambiwa, bila kuongeza wala kupunguza.

Bora aliishika miwani. Kioo kimoja kilikuwa na alama ya kidole chenye grisi.

"Alisema hivyo? Haihitaji tena?"

"Alisema hivyo, shemeji."

"Alisema kwa hasira?"

"Hapana. Alikuwa anafuta vidole."

Bora akafuta kioo kwa ncha ya kanga, sehemu ile ile, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Hakulia. Kilio cha kufiwa, kile cha kusikika nyumba ya kumi, kilikuwa kimekoma Rumonge tangu mwezi wa tano. Wanaomlilia aliyechukuliwa walihesabiwa pamoja naye. Bora alisema kama bwana yule angekasirika, yeye angedhani anadanganya ili kuumiza. Lakini mtu hawezi kudanganya huku anafuta vidole.

Kisha akauliza swali ambalo Feruzi hakulitegemea. Aliuliza ahesabu kutoka siku gani.

Mwanamke wa Kiislamu aliyefiwa hukaa eda miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba yake, bila manukato, bila mapambo, tangu siku mumewe alipokufa. Bora hakuwa na siku. Hakuwa na maiti, wala kaburi, wala mtu aliyeona. Na kwa sheikh hakuendeki, kwa sababu kumwuliza sheikh ni kutangaza msiba, na msiba wa Asmani ulikuwa umekatazwa kuwepo.

"Nikihesabu tangu Jumatatu ile aliyoitwa," akasema, "siku karibu hamsini zimeshapita. Nilikwenda sokoni. Nilijitia hina arusi ya jirani yetu Kulthumu, ili akirudi asinikute kama mufu. Kila jioni nilimwekea sahani. Yote hiyo ilikuwa nini?"

Kadidja aliinama chini. Bora alikuwa anamtazama Feruzi.

"Shemeji, wewe ndiye uliyeletewa habari. Niambie wewe."

Feruzi alikuwa fundi wa vitasa. Alijua Kurani kwa kiasi cha kuswalia tu. Alielewa kwamba siku yoyote atakayoitaja ndiyo itakuwa siku aliyokufa Asmani, wala hakutakuwa na mtu mwingine wa kuitaja nyingine, si ofisi wala redio. Watoto wale watakua nayo na kumsomea baba yao hitima siku hiyo. Alitafuta moyoni mwake huruma, au hofu, au chochote cha kumsaidia kuchagua, na akakuta pamenyamaza, kama alivyopakuta tangu asubuhi. Alichokiona ni zile sahani tu, moja kila jioni, zikifunikwa kwa sahani nyingine.

"Hesabu kuanzia leo," akasema. "Zile siku nyingine zilikuwa zake."

Bora akaitikia kwa kichwa. Akainua mikono, akaanza kuvua vipuli. Kimoja kilikwama, na Kadidja akasogea kumsaidia. Feruzi akatoka nje.

*

Walikubaliana kusema ni mguu. Kesho yake Kadidja aliwaambia majirani kwamba Bora ameteguka akiteka maji, hawezi kutoka, na yeye atamfanyia soko. Watu walisema pole na hawakuuliza zaidi.

Jumatatu Feruzi alikwenda kununua sukari kwenye duka la mzee Amur, Mwarabu aliyefanya biashara pale tangu siku za Wabelgiji. Asmani alikuwa akimwandikia barua zake za Kifaransa. Dukani alikuwepo yule mlinzi wa ofisi, ameegemea meza, anachagua sigara bila haraka.

Mzee Amur alipima sukari. Akasema amesikia mke wa Asmani ameumia mguu.

"Ndiyo, mzee. Ameteguka."

"Pole yake. Na wamesema atakaa ndani muda gani?"

Feruzi alitazama mizani. Hakuwa amepanga kusema. Yalitoka tu, kwa sauti ya mtu anayetaja bei.

"Miezi minne na siku kumi."

Mkono wa mzee ukasimama juu ya sukari. Mlinzi aliwasha sigara yake, akatupa kijiti nje. Mzee Amur akainama chini ya meza, akakaa huko kitambo, na aliponyanyuka alikuwa na mfuko wa kahawa, ile ya kupikia watu wengi, akauweka kando ya sukari. Akaongeza mchele. Akaongeza na kipande cha marekani nyeupe, akikipima kwa mkono tangu kidoleni hadi begani, mara tatu, akakikata na kukikunja vizuri.

Feruzi alitia mkono mfukoni. Mzee akautazama mkono ule hadi ukatoka mtupu.

"Mwambie asiukanyagie," akasema mzee Amur. "Mguu wa namna hiyo una siku zake. Sisi wengine tutakuwa tunapita."